Sura ya Saba: Msamaha Ambao Severa Hakuuomba

Anayedhani mapenzi huvunjwa na mambo makubwa hajapata kusimama njia panda ya Nangurukuru saa nane mchana, vumbi mdomoni, barua mkononi, na mwanamume anayempenda mbele yake akisema upuuzi.

Severa alikuwa amesimama hapo. Ilikuwa Ijumaa, siku ya tano tangu waondoke Mnazi Mmoja na baiskeli zao tano, vijana watatu na wasichana wawili wa chama cha baiskeli cha Kariakoo, watu wakiwapigia makofi, safari ya kuifuata pwani mpaka Mtwara. Kiongozi wao alikuwa Bakili, fundi baiskeli wa Mtaa wa Mchikichi, mtoto wa Mchinga, mrefu, mwenye mikono isiyoisha grisi hata Sikukuu ya Idi. Mwaka mzima Severa na Bakili walikuwa wakipendana, na mwaka mzima baba yake Severa alikuwa akisema hapana. Mzee Aristides alikuwa Mchagga wa Kibosho, Mkatoliki, mwenye duka la nafaka, na hakuona ni kwa njia gani fundi baiskeli Mwislamu wa kusini angekuwa mkwewe.

Barua ilikuwa imeletwa na Awadhi, dereva wa lori aliyekwenda Kilwa kupeleka saruji na sasa alikuwa anarudi mjini na nazi. Aliyeiandika ni Josepha, mdogo wake Severa.

"Dada, usipoteze muda kuisoma mara mbili. Jumanne Mzee Sadalla alikuja nyumbani amevaa kanzu mpya, ameshika jani la isale. Baba alipoliona akakaa chini. Shangazi Mektilda akaangua kilio kama yuko msibani. Sasa nyumba nzima wanasema Bakili amekutorosha, na mjomba wake amekuja kuomba radhi. Baba amelipokea jani. Jumapili baada ya misa wazee wa ukoo wanakaa kukukabidhi kwao, uwepo usiwepo. Njoo."

Severa aliisoma kwa sauti mpaka mwisho. Mboni, yule msichana mwenzake, aliyeachiwa pampu ashike, akaacha kujaza upepo. Wale vijana wengine wawili wakajifanya wanakaza nati ambazo hazikuwa zimelegea.

"Isale ni nini?" aliuliza Bakili.

"Ni jani. Linapandwa kwetu mipakani na makaburini. Mtu akikukosea akaja amelishika, huwezi kumfukuza. Lazima umsamehe, hata kama kakuchomea nyumba. Hatuendi nalo kuposa, Bakili. Tunaenda nalo tukiwa tumefanya kosa. Na mjomba wako kaenda nalo kwa baba yangu wakati mimi niko njiani na wewe!"

Bakili alijishika kichwa. "Kumbe! Masikini mjomba. Alimuuliza Elieshi, yule muuza ndizi pale sokoni, kwamba Wachagga ukienda kwao unashika nini wasikufukuze mlangoni. Elieshi akamwambia isale. Akamkatia hata jani lenyewe, kalipanda kwenye debe nyuma ya banda lake."

"Na Elieshi hakumdanganya. Hakuulizwa tu anaenda kufanya nini." Severa aliikunja barua. "Wewe ulijua mjomba wako anaenda kwetu?"

Bakili akatazama gurudumu la mbele.

"Bakili, nakuuliza."

"Nilimwachia maneno. Nilitaka turudi tukute mambo yameshaiva."

"Bila kuniambia mimi."

"Ungekataa."

"Ningekwambia aende na nini! Ningekwambia aende siku gani! Ndiyo maana watu huambiana!"

Kisha, na hapo ndipo upuuzi ulipoanza, Bakili akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, lile lile lililomfanya Severa mwaka jana apeleke baiskeli nzima kwa fundi kila Jumamosi, na hapo njia panda akalichukia kwa mara ya kwanza.

"Lakini hebu tazama, Seve. Si amelipokea? Baba yako, aliyesema nikikanyaga kizingiti chake ataita polisi, amelipokea! Tunachotafuta mwaka mzima kimeanguka chenyewe kutoka mtini. Tuendelee. Keshokutwa tuko Mchinga kwa mama yangu. Atakupokea kwa vigelegele. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wamesema nimekutorosha, basi na tutoroke."

"Sijatoroka," alisema Severa.

"Najua, lakini—"

"Usiku wa kwanza nimelala Mkuranga, darasani, na Mboni. Usiku wa pili Kibiti, kwa masista, na Mboni, na sista mmoja anayekoroma. Hujanigusa hata bega. Jana uliponipa maji uliiweka chupa chini niiokote mwenyewe, watu wasije wakasema. Halafu leo nikubali kwamba uliniiba? Mimi si kuku, Bakili, aibwe halafu mwizi asamehewe kwa sababu kaja na jani."

"Ni neno tu. Watu watalisahau."

"Watalisahau watu. Mimi kila nikienda Kibosho nitapita mbele ya wajomba zangu kama yule aliyeletewa isale. Na watoto wangu pia. Narudi nyumbani."

"Safari imebaki nusu! Umefanya mazoezi miezi sita. Ulisema utaona Mtwara au ufe."

Hilo lilimchoma kweli. Alikuwa amesema hivyo. Alikuwa msichana wa kwanza wa mtaa wao kuandikishwa katika safari ile, na kila alfajiri kwa miezi sita alikuwa ameendesha kwenda na kurudi bonde la Jangwani kabla ya kuingia kazini, akichekwa na wauza maandazi. Machozi yakamjaa, akayaacha yateremke bila kuyafuta.

"Mtwara haihami," alisema. "Awadhi! Una nafasi juu ya nazi?"

"Nafasi ipo, dada. Kuna na mama wawili wa Somanga, hutakuwa peke yako."

Bakili akasogea, akashika usukani wa baiskeli ya Severa. "Severa, ukipanda lori hilo, umeniacha."

"Ukiendelea na safari, umeniacha wewe." Akautoa mkono wake kwenye usukani, kidole kimoja kimoja. Vidole vile alivipenda, na aliona aibu kwamba hata sasa alivipenda. "Kaa na neno lako, na mimi nakaa na langu."

Baiskeli ikapakiwa juu ya nazi, lori likaondoka. Kutoka juu ya zile nazi alimtazama mpaka akawa mdogo barabarani, akiwa hajapunga mkono wala hajageuka. Ndipo akalia kweli kweli, mama mmoja wa Somanga akimshika mabega na kumwambia wanaume wote ndivyo walivyo, jambo ambalo halikumsaidia hata kidogo.

Walivuka Rufiji kwa kivuko Jumamosi mchana. Springi ya lori ikakatika Kibiti, wakalala huko, na Jumapili saa tano wakaingia Mbagala. Hapo Severa aligonga paa la lori.

"Nishushe hapa, kaka Awadhi."

"Kariakoo bado, dada! Nakufikisha mpaka mlangoni."

"Nimetoka kwa baiskeli, nitarudi kwa baiskeli."

Na ndivyo alivyorudi. Aliingia Kariakoo kwa mtaa mkubwa, hakupita vichochoro. Sketi yake ya kaki ilikuwa nyekundu kwa vumbi mpaka magotini, nywele amezifunga kwa kitambaa. Watu walikuwa wanatoka misa, wengine wanatoka sokoni na vikapu. Mama mmoja akamgusa mwenzake. "Si huyo? Si yule aliyetoroshwa?" Severa akapunguza mwendo kusudi wamwone vizuri, akapiga kengele, akawaamkia kwa adabu zote. Mama wale wakaitikia marahaba kabla hawajakumbuka kwamba walitakiwa kumnunia.

Nyumba ya Mzee Aristides ilikuwa Mtaa wa Mahiwa, duka mbele na ua nyuma. Mama yake Severa alikuwa Kibosho akitunza kihamba, shamba lao la migomba, na nyumba ya mjini ilitawaliwa na Shangazi Mektilda, mwanamke mwenye moyo mwema ambao aliuficha kwa bidii. Severa aliisukuma baiskeli mpaka uani, akaisimamisha katikati kabisa.

Walikuwepo wote. Baba yake kwenye kiti cha mikono, amevaa koti la misa. Wazee wawili wa ukoo kulia kwake. Mzee Sadalla, fundi cherehani wa Mtaa wa Sikukuu, kwenye kigoda upande wa pili, kanzu yake inang'aa, kofia imekaa sawasawa, uso wa mtu aliyealikwa karamuni akakuta matanga. Juu ya meza ndogo, kwenye sahani nyeupe, palikuwa na jani refu la kijani, limefungwa fundo.

"Shikamoo, baba. Shikamooni, wazee."

"Marahaba," walisema wazee wawili. Baba yake aliitikia kwa kuitazama ile baiskeli.

"Haya! Karudi!" Shangazi Mektilda alijitokeza jikoni na mwiko mkononi. "Karudi na miguu yake, na vumbi lake, na baiskeli yake! Na huyo bwana yuko wapi? Mbona umerudi peke yako? Kishakuchoka ndani ya wiki moja?"

"Mektilda, nyamaza," alisema Mzee Aristides. Sauti yake ilikuwa imekonda. Severa akaona jinsi alivyopungua mashavuni katika siku zile chache, moyo ukamwuma. Baba huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, kwenye ua huu huu, akikimbia nyuma ameshika keria, na jioni ile akachubuka magoti kuliko mwanafunzi wake. "Severa, kaa."

"Nitasimama, baba."

"Simama basi. Sina maneno mengi. Wiki hii nimeletewa isale. Nimekaa nalo siku tano nikilitazama. Nilitaka kwenda huko nikamvunje miguu kijana wa watu. Lakini mila ni mila. Aliyeshika isale hafukuzwi. Nimesamehe." Akaonyesha mlango wa nyumba. "Ingia ndani, fungasha vitu vyako. Mzee Sadalla atakupeleka kwao leo. Mambo ya dini mtayamaliza wenyewe huko mnakokwenda. Mimi sitauliza kitu, na sitakuja."

Nyuma ya pazia la dirisha Josepha alionekana amejiziba mdomo kwa viganja viwili.

Msomaji, usimwone Severa mjinga. Alielewa vizuri sana kilichowekwa mbele yake. Alikuwa anapewa Bakili. Bila mwaka mwingine wa kusubiri, bila kujificha nyuma ya banda la baiskeli Jumamosi, bila barua za kupitishia kwa Mboni. Kilichotakiwa ni kuinamisha macho na kusema asante baba. Akaona chumba cha Mtaa wa Mchikichi, na Bakili ameinua baiskeli juu chini, analizungusha gurudumu na kulisikiliza kwa sikio kama daktari anavyosikiliza kifua. Alimtaka mtu yule.

"Inama umshukuru baba yako," alinong'ona Shangazi. "Umepata ulichokitaka. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayajamwagika, shangazi," alisema Severa. Akamgeukia baba yake. "Baba, sitaki kusamehewa."

Mzee mmoja wa ukoo aliangusha fimbo.

"Umesema nini?"

"Sitaki kusamehewa. Sikufanya kosa. Nilikuaga mchana, mbele ya duka lako, ukanipa na solusheni ya kuzibia pancha. Nimelala na Mboni kila usiku. Kama unataka, niulize nyumba kwa nyumba, nitakutajia kila aliyetufungulia mlango."

"Mwanangu," alisema yule mzee akiokota fimbo yake, "isale halikataliwi."

"Halikataliwi na aliyekosewa, babu. Hapa amekosewa nani?"

Mzee Sadalla alisimama. Alikuwa amevumilia Kichagga cha wakwe asichokielewa kwa adabu tangu asubuhi, na sasa adabu ikamwishia.

"Jamani, niulizwe na mimi! Kosa gani? Nani kakosa? Mimi nilikuja kuposa!"

"Ulikuja na isale," alisema Mzee Aristides.

"Nilikuja na heshima yenu! Niliambiwa nikishika hili sifukuzwi mlangoni, na kweli sikufukuzwa. Nikaona mtu kakaa chini, dada yake analia, nikasema moyoni, Wachagga wanapenda sana posa. Nikaondoka. Leo nimeitwa, nimekuja na tende!" Akainua kifurushi cha tende watu wote wakakiona.

Ingekuwa siku nyingine wangecheka. Mzee Aristides hakucheka. "Mzee Sadalla, kwetu mtu hasemi zaidi ya jani. Limesema, nami nimelijibu. Leo binti karudi na aibu, na wewe unageuza maneno. Nitamwamini nani? Mtu akishakiri harudi nyuma."

"Basi muulize mwenye kesi!" alisema Shangazi. "Yuko wapi? Mwanamume gani anayemwacha mwanamke arudi peke yake kuteswa na wazee?"

Swali hilo Severa alikuwa amelibeba mwenyewe juu ya nazi kutoka Nangurukuru. Akainua kidevu, maana kama angekiinamisha asingeweza kukiinua tena.

"Sijui aliko," alisema. "Sikuja kumtetea yeye. Nimekuja kujitetea mimi."

Mlango wa barabarani ukalia. Wakasikia tiki, tiki, tiki, baiskeli inasukumwa kupitia ukumbini, kisha Bakili akatokea uani. Alionekana kama mtu aliyefukuliwa. Midomo imepasuka, goti limefungwa tambara lenye damu, gurudumu la nyuma limekaa upande kwa spoki zilizokatika. Hakumtazama mtu ila Severa, akamtazama kwa muda ambao mbele ya wazee haukuwa wa adabu.

"Nimeendesha mpaka Rufiji," alimwambia, kama kwamba hapakuwa na mtu mwingine pale. "Kutoka pale nimepata lori la mkaa. Wenzetu nimemwachia Mboni awaongoze."

"Mtwara je?" aliuliza Severa.

"Mtwara haihami."

Moyo wake ukaruka, akauamuru utulie. Bado hakujua amekuja na neno gani. Neno la njia panda alikuwa anaweza kulisema hata sasa, tena hapa lingemletea mke papo hapo.

"Shikamooni, wazee," Bakili alisema hatimaye.

Mzee Aristides alisimama kutoka kwenye kiti. Hakuwa mrefu, lakini aliposimama ua ulionekana mdogo. Akamsogelea Bakili mpaka wakatazamana ana kwa ana.

"Nitakuuliza mara moja, kijana, na usinijibu haraka. Isale la mjomba wako liko pale mezani. Ukisema ulimtorosha binti yangu, nimekwisha kusamehe, mchukue, mtoke wote kwa mlango ule. Ukisema hukumtorosha, jani halina kazi, msamaha haupo, na mimi sijakupa mtu. Tena sitakuwa na sababu ya kukupa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Ulimtorosha?"

Mzee Sadalla alimtolea mpwa wake macho makubwa, akatikisa kichwa juu na chini kwa siri iliyoonekana na watu wote. Sema ndiyo, mpumbavu wee, sema ndiyo twende zetu.

Bakili alimtazama Severa. Naye Severa hakumsaidia, hakukonyeza wala hakutikisa kichwa. Alimwacha na swali lake, akiwa ameshika usukani wa baiskeli kwa nguvu mpaka vidole vikamwuma. Katika muda ule mfupi alijua jambo ambalo hakuwa amelijua alipoliacha lori: kwamba Bakili akisema ndiyo, yeye hataweza kumpenda tena, na kwamba ataishi akimtamani mpaka uzeeni.

"Hapana," alisema Bakili.

"Rudia."

"Hapana, mzee. Sikumtorosha. Nilitaka." Akajilamba midomo iliyopasuka. "Barua ilipotufikia nikamwambia tuendelee mpaka kwa mama yangu, tufanye lile mnalolisema liwe kweli. Binti yako akakataa, akapanda lori la nazi. Usiku ule sikulala. Kosa lililopo ni hilo, na nimemfanyia yeye, si wewe."

"Una akili kweli?" Mzee Aristides alishangaa waziwazi. "Nimekuwekea mke kiganjani!"

"Umeniwekea mtu aliyetiwa aibu, mzee. Huyo simfahamu. Mimi namtaka Severa."

Josepha alipiga ukelele mdogo nyuma ya pazia. Shangazi Mektilda akajifuta jicho kwa mpini wa mwiko, akadai ni moshi.

Mzee Aristides akaenda mezani, akalichukua lile jani. Mzee Sadalla akanyoosha mkono apewe, lakini mwenye nyumba akampita. Akawapita wazee wa ukoo. Akasimama mbele ya binti yake.

"Nilikupa solusheni," alisema. "Ni kweli. Nilikuaga kwa mkono wangu. Halafu mtu akaja na jani nikaliamini jani." Akaligeuza jani mkononi. "Siku tano sikutuma hata mtu kukuuliza. Mtu akikosa, kwetu hushika hili. Sijui kama kuna baba amewahi kumpelekea binti yake. Basi mimi nalileta."

"Aristides!" alisema mzee mmoja wa ukoo. "Kwa mtoto?"

"Kwa niliyemkosea."

Severa alilipokea kwa mikono miwili, akipiga goti, kwa sababu isale halikataliwi, na kwa sababu alikuwa amempenda baba huyu kabla ya kumpenda mwanamume yeyote. "Yamekwisha, baba," alisema, na ndipo machozi yalipomshinda.

Lakini alipoinuka hakuwa amelainika.

"Unamtaka huyu?" baba yake alimuuliza, akimwonyesha Bakili kwa kidevu. Katika mwaka mzima wa kusema hapana, hilo swali hakuwahi kuliuliza.

"Namtaka. Tena sana, baba. Lakini aje kuniomba, asije kuomba radhi."

"Na wakija nikiwakatalia?"

"Utakuwa umekataa posa. Ni haki yako, na mimi nitakuja kugombana na wewe kesho asubuhi, na keshokutwa, mpaka uchoke. Ila utakuwa umemkatalia mtu aliyeniomba. Sitakabidhiwa kama mzigo uliookotwa."

Mzee Aristides alimtazama Mzee Sadalla, kanzu yake, kofia yake, kifurushi chake cha tende.

"Mzee mwenzangu," alisema, "naomba utoke nje."

"Nitoke?"

"Utoke, na kijana wako, mpaka barabarani. Mektilda, funga mlango."

Wakatoka, Mzee Sadalla akinung'unika kwamba tangu azaliwe hajaona watu wagumu namna hii, Bakili akichechemea nyuma yake. Mlango ukafungwa. Severa alihesabu pumzi zake, akafikiri wamekwenda zao, na kwamba amemaliza kila kitu kwa kiburi chake mwenyewe.

"Hodi!" ilisikika sauti ya Mzee Sadalla.

Baba yake alirudi kwenye kiti chake bila haraka.

"Hodi humu ndani!"

Mzee Aristides akakaa, akanyoosha koti.

"Hodi, wenyewe!"

"Nani?"

"Mimi Sadalla bin Hamisi, fundi cherehani wa Mtaa wa Sikukuu, na mpwa wangu Bakili. Tumekuja kuomba mke." Kisha, baada ya kunong'onezwa kitu, akaongeza kwa sauti kubwa ya kusikika mtaa mzima: "Na hatujakosa kitu!"

"Mna tende?"

"Tunazo!"

"Mektilda, fungua." Mzee Aristides aliwangoja waingie, wakae, wasalimiwe, wapewe maji. Alitimiza yote hayo, moja baada ya jingine, bila kuruka, kama kwamba hajapata kuwaona. Ndipo akakohoa.

"Posa yenu nimeisikia," alisema. "Naikataa."

Bakili aliinamisha kichwa. Mzee Sadalla akafumba macho. Lakini wazee wawili wa ukoo walikuwa wameanza kutabasamu chini chini, na Shangazi Mektilda alikwisha kufungua kile kifurushi na kutia tende ya kwanza mdomoni.

"Kwetu posa ya kwanza haikubaliwi," alisema Mzee Aristides. "Rudini Jumapili ijayo."